Una sukari na usingizi haueleweki? Namna ya kuupeleka usiku wako kliniki ya macho

Nimestaafu uuguzi, lakini kliniki ya sukari haijanitoka. Miaka yote niliyokaa pale, hapa Kigoma, mgonjwa akifika tulianza na "dawa umekunywa?" tukafuata na "asubuhi umekula nini?" Macho tuliyauliza siku foleni ikiwa fupi. Usingizi hatukuuliza kabisa. Sikufundishwa kuuliza, na mimi pia sikumfundisha yeyote aliyekuja nyuma yangu.

Aliyenifungua masikio ni mama mmoja wa Kibirizi. Alimleta mumewe, mvuvi wa dagaa mwenye sukari ya miaka mingi, akilalamika kuona ukungu. Nyumbani walishaamua kwamba ni mtoto wa jicho. Tukamtia matone ya kupanua mboni, tukakaa wote watatu kwenye benchi tukisubiri yafanye kazi, na yule mama akasema kama anayejisemea: "Huyu usiku anakufa halafu anafufuka."

Nikamuuliza anakufaje. Akanionyesha. Alikoroma mara tatu, mkoromo wa kweli mpaka watu wa benchi la pili wakageuka, kisha akafumba mdomo, akakaza shingo na kunyamaza. Akawa ananitazama huku anakunja vidole kimoja kimoja. Alipomaliza kumi akarudia vingine sita, ndipo akavuta pumzi kwa kishindo, kama mtu aliyeibuka kutoka majini.

"Sasa mama, siku zote hukusema kwa nini?"

"Dada, si nilijua ni uchovu wa ziwani."

Mtoto wa jicho hakuwepo. Retina ndiyo iliyokuwa imevuja. Siwezi kuapa kwamba kukatika kwa pumzi ndiko kulikomharibia macho, maana sukari na presha zake zilikuwa juu kwa miaka. Ila tangu siku hiyo sikumwacha mgonjwa wa sukari aondoke bila kumuuliza analalaje. Mwongozo huu nimeuandikia mwenye sukari, na zaidi yule anayelala naye chumba kimoja.

Kwanza ujue jicho na usiku vinakutania wapi

Nyuma ya jicho kuna retina, utando mwembamba unaopokea picha. Unalishwa na mishipa midogo sana ya damu. Sukari ikikaa juu miaka, mishipa hiyo hulegea na kuvuja, mingine huziba, na sehemu iliyokosa damu huanza kuotesha mishipa mipya, dhaifu, inayopasuka kirahisi. Watu husema "sukari imepanda machoni". Haiumi. Mwanzoni unaweza kusoma herufi zote za chati ukutani huku kule nyuma kunavuja.

Wengi tunadhani jicho likifumba limepumzika. Retina haiko hivyo: zile seli za kutuonyesha gizani hula oksijeni nyingi zaidi kwenye giza kuliko kwenye mwanga. Sasa mchukue mtu ambaye koo lake linajiziba usingizini tena na tena. Kila pumzi ikikatika, oksijeni kwenye damu inashuka, mwili unashtuka, presha inaruka, na homoni za mshtuko zinaisukuma sukari juu. Retina iliyokwisha kunyimwa damu inapigwa saa ile ile inayohitaji hewa zaidi. Tafiti kadhaa zimekuta wenye sukari wanaokatika pumzi usingizini wana ugonjwa wa retina uliokomaa kuliko wenzao.

Njia hiyo ina kurudi pia. Ndani ya retina zipo seli chache ambazo kazi yake kubwa ni kuuambia ubongo kwamba kumekucha au kumekuchwa. Wanasayansi walizielewa vizuri karibu mwaka 2002 tu. Ugonjwa wa retina ukizifikia, saa ya mwili inapoteza majira: usingizi unachelewa, unakatika, mchana unasinzia. Kwa hiyo usiku mbaya unaweza kuliumiza jicho, na jicho bovu likauharibu usiku.

Hatua ya 1: Andika usiku saba

Chukua daftari la mtoto, la kurasa chache. Kila asubuhi kabla ya chai andika: ulilala saa ngapi, uliamka mara ngapi na kila mara uliamshwa na nini, uliamka kichwa kikiuma au mdomo ukiwa mkavu, na sukari ya kidole ilikuwa ngapi kama una mashine. Mstari mmoja unatosha. Mwenzako naye aandike wake: alikoroma au hakukoroma, pumzi ilikatika au haikukatika.

Kuhesabu pumzi kunataka subira. Usikae macho usiku kucha, utaugua wewe. Chagua nusu saa moja, vizuri kuelekea alfajiri ambapo kwa wengi tatizo huzidi, na usiwashe taa. Sikiliza mkoromo, kisha kimya. Kimya kikifika sekunde kumi au zaidi na kikaisha kwa kushtuka au kukorota, weka alama. Ukiweza, rekodi kwa simu dakika tano tu. Rekodi hiyo itamaliza ubishi, maana hakuna mtu aliyewahi kukubali kwamba anakoroma. Wanaume wa kwetu hasa watakwambia ni wewe uliyekuwa unaota.

Kama mna kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, ambacho wengi walinunua wakati wa UVIKO-19, mvalishe akiwa amelala na utazame namba. Mtu mzima wa huku kwetu huwa na 95 kwenda juu. Ikiwa inashuka chini ya 90 kila pumzi inapokatika kisha inapanda tena, andika. Kumpima akiwa macho mchana hakusemi chochote kuhusu usiku.

Hatua ya 2: Mjue anayekuamsha

Baada ya siku saba daftari litakuonyesha mwizi wa usingizi ni nani. Mara nyingi hawi mmoja.

Mkojo ndio unaoongoza. Sukari ya damu ikizidi kama 10 (mmol/L) figo zinaanza kuimwaga kwenye mkojo, na inavuta maji pamoja nayo. Ukiamka mara nne kukojoa, usikimbilie kuacha kunywa maji. Tazama sukari ya jioni. Kama unakunywa dawa ya presha ya kukojosha, muulize daktari kama unaweza kuinywa asubuhi. Na hili wengi hawalijui: kukatika kwa pumzi nako kunaongeza mkojo wa usiku. Nimewaona wazee waliotibiwa tezi dume kwa muda mrefu kumbe shida nyingine ilikuwa kooni.

Miguu kuwaka moto au kuchomwa kama pilipili ikipakwa nyayoni ni mishipa ya fahamu. Dawa zake zipo, uliza.

Kuamka umelowa jasho, unatetemeka, ndoto mbaya, moyo unadunda: pima sukari hapo hapo. Ikiwa chini ya 3.9, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji nusu glasi, unywe, subiri dakika 15, upime tena. Ikishapanda, kula kitu kidogo. Huna mashine? Kunywa tu kwanza. Ila kama amepoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Asubuhi yake wasiliana na kliniki yako, kwa sababu dozi ya insulini au ya vidonge huenda inataka kurekebishwa.

Kisha pumzi. Maswali ambayo kliniki nyingi duniani hutumia ni manane, na unaweza kujiuliza hapo ulipo. Unakoroma mpaka unasikika nje ya mlango uliofungwa? Mchana umechoka, unasinzia kwenye daladala au kanisani au msikitini? Kuna aliyekuona pumzi ikikatika? Una presha? Wewe ni mnene sana? Umepita miaka 50? Shingo yako inazidi sentimita 40? (Azima futi ya fundi cherehani.) Ni mwanamume? "Ndiyo" tatu zinatosha kumwambia daktari. Tano au zaidi, usitoke chumbani kwake hujalisema.

Msongo wa mawazo upo pia, na mtu aliyeambiwa atapoteza macho ana haki ya kukosa usingizi. Uandike. Usione aibu.

Hatua ya 3: Macho yapimwe kwa matone

Mwenye sukari ya aina ya pili anatakiwa apimwe retina siku ile ile anapogundulika, kwa kuwa huenda amekaa nayo miaka bila kujua. Wa aina ya kwanza, ndani ya miaka mitano. Baadaye angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi kama kuna kitu kimeonekana. Mama mwenye sukari akipata ujauzito apimwe mapema, miezi ile mitatu ya mwanzo.

Kusoma chati si kupima retina. Kuuziwa miwani si kupima retina. Hata tochi ya kawaida bila matone haitoshi. Sema wazi: "Nina sukari, naomba nipimwe nyuma ya jicho." Anzia kliniki yako ya sukari au kitengo cha macho cha hospitali ya mkoa, kwetu ni Maweni, Tabora ni Kitete. Bima ulizia dirishani kabla hujapanga foleni.

Siku yenyewe jipange. Matone huchukua kama nusu saa kufanya kazi, kisha kwa saa kadhaa vitu vya karibu hutaviona vizuri na mwanga utakuchoma. Usiende na pikipiki yako, na usirudi ziwani siku hiyo. Mtu akusindikize. Beba kofia pana au miwani ya jua, maana jua la saa saba kwenye vumbi la mtaa wa Mwanga na mboni iliyopanuka ni adhabu. Kula kama kawaida na unywe dawa zako. Foleni ya macho ni ndefu, na nimeona mtu akishuka sukari kwenye benchi kwa kudhani alitakiwa aje na njaa. Tia mfukoni kitu kitamu cha dharura.

Hatua ya 4: Sema usiku wako

Daktari ana dakika chache na ataangalia jicho. Hatakuuliza unalalaje. Fungua daftari wewe, na useme kwa sentensi mbili: "Naamka mara nne kwa usiku. Mke wangu anasema nakoroma na pumzi inakatika, rekodi hii hapa." Kisha uliza mambo matatu: retina yangu imefika hatua gani, presha na sukari zangu ziwe ngapi, na nani anaweza kunipima pumzi ya usiku.

Hilo la tatu litakuwa gumu. Mitambo ya kupima usingizi usiku mzima haipatikani kirahisi huku magharibi, na mashine ya kusukuma hewa kooni ni ghali. Daktari anaweza kuanza na kipimo cha oksijeni cha kuvaa usiku, kukagua koo na tonsili, shingo na uzito, na kukuandikia rufaa. Kwa mikoa yetu rufaa nyingi huelekea Bugando, Mwanza.

Tusidanganyane kuhusu mashine hiyo. Inarudisha pumzi, inaondoa usingizi wa mchana, inasaidia presha. Lakini Uingereza waliwapa wagonjwa wenye maji kwenye retina na pumzi inayokatika, wakawafuatilia kwa mwaka mzima, na uwezo wa kuona haukuongezeka kuliko kwa wale ambao hawakupewa. Ilitengenezwa pia barakoa ya kulalia inayotoa mwanga hafifu ili retina isitumie oksijeni nyingi usiku. Ikajaribiwa kwa miaka miwili, matokeo yakatoka mwaka 2018: haikusaidia. Kwa hiyo mtu akikuuzia taa au barakoa ya kutibu macho ya sukari, mwachie. Kutibu usingizi ni sehemu ya kutibu sukari na presha. Hakuchukui nafasi ya matibabu ya jicho.

Hatua ya 5: Yanayowezekana nyumbani

Lala ubavu. Anayelala chali ulimi unarudi nyuma na koo linajiziba. Shona mfuko mgongoni mwa fulana kuukuu, utie mpira wa soksi. Kila akitaka kugeukia mgongo utamsumbua na atarudi ubavuni bila kuamka vizuri. Yule mama wa Kibirizi alifanya hivyo, na mzee alilalamika siku nne tu.

Pombe iache, ya jioni hasa. Inalegeza koo na inaweza kushusha sukari usiku wa manane. Kwa sababu hiyo hiyo usijinunulie vidonge vya usingizi dukani. Na Piriton si dawa ya usingizi, hata kama jirani anaitumia: asubuhi inakuacha mzito, na mzee mwenye tezi dume inaweza kumfungia mkojo.

Chakula cha usiku kiliwe saa moja, si saa nne. Migebuka ya mawese hainigombanishi na mtu, ila tonge la ugali wa muhogo lipungue na mchicha uongezeke. Chai ya sukari ya kulalia ifutwe kabisa. Kahawa ya kijiweni mwisho saa nane mchana.

Uzito ukipungua hata kwa kilo chache koo linapata nafasi. Chumvi ipungue kwa ajili ya presha. Presha usiidharau: utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kuidhibiti vizuri kwa mwenye sukari kulipunguza kuendelea kwa ugonjwa wa retina kwa karibu theluthi moja.

Asubuhi toka nje. Huku kwetu jua linachomoza nyuma ya milima, kwa hiyo kaa uani mpaka likufikie, nusu saa, ukichambua mboga au ukipiga mswaki. Hata asiyeona vizuri atoke, maana zile seli za saa ya mwili zinaweza kuwa bado zinaupokea mwanga. Jioni geuza: taa hafifu, simu mbali na uso.

Onyo moja. Ukipata ari ghafla, usiiporomoshe sukari kwa pupa baada ya miaka ya kuwa juu. Sukari ikishuka haraka mno, retina iliyokwisha kuathirika inaweza kuzidi kuharibika kwa muda kabla haijatulia. Ishushe kwa mpango na daktari, na macho yapimwe kabla ya kuanza insulini.

Hatua ya 6: Kwa anayefanya kazi usiku

Mvuvi wa dagaa ana kalenda mbili. Giza, anatoka jioni na taa zake na kurudi asubuhi. Mbalamwezi, dagaa hawakusanyiki kwenye taa na nyavu zinakaushwa. Mwili unageuzwageuzwa kila mwezi, na sukari inageuzwa nao. Walinzi na wauguzi wa zamu wananielewa.

Wakati wa giza, chakula kikuu kiliwe kabla ya kutoka. Chomboni tafuna kidogo, usinywe soda kukaa macho. Ukirudi, lala kwa mkupuo mmoja chumba kikiwa kimefungwa pazia zito, watoto wakielezwa. Saa za dawa mpangiwe na kliniki kwa ratiba yako halisi. "Asubuhi na jioni" iliyoandikwa kwenye bahasha ilimlenga mtu anayelala usiku. Anayechoma insulini asitoke bila sukari au juisi ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mwenzake chomboni ajue. Kutetemeka katikati ya Ziwa Tanganyika si baridi kila mara.

Mbalamwezi ndiyo wiki ya kliniki. Daftari, macho, presha, vyote vipange humo.

Hatua ya 7: Baada ya kutibiwa jicho

Leza huchoma sehemu za pembeni za retina ili mishipa mibovu inyauke. Inaokoa uoni wa katikati, lakini wengine hubaki wakiona kwa shida gizani. Weka taa ndogo njiani kuelekea chooni, ondoa ndoo na viatu mlangoni, na ukienda choo cha nje usiende bila tochi. Sindano za jicho hurudiwa, mara nyingi kila mwezi mwanzoni, kwa hiyo uliza ratiba na nauli ya Mwanza kabla ya kuanza. Kuna aliyeanza akaishia njiani kwa kukosa nauli tu, na jicho likarudi pale pale.

Usiache kuandika daftari. Usiku ukiharibika baada ya matibabu, huenda ni hofu, huenda ni saa ya mwili, na vyote vinasemeka kliniki.

Ila ukiona nzi weusi wengi wameibuka ghafla machoni, utando mwekundu au mweusi, mwanga unaomweka, pazia linaloshuka upande mmoja, au jicho limezima hata kama haliumi, hilo halisubiri mbalamwezi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na orodha ya dawa zako mkononi.